Tundu la Kuingilia Mtu

Mfuniko wa tangi la maziwa ulioletwa karakanani kwetu Tanga, masika yalipokuwa yamepamba moto, ulikuwa wa chuma cha pua chenye unene wa milimita 6. Wenyewe walikuwa chama cha wafugaji, nao walitaka utobolewe tundu la duara lenye upana wa sentimita 45 ili mtu aweze kuingia kuosha tangi. Mitungi ya gesi iliyosimama ukutani haikuwa na msaada wowote. Moto wa oksijeni na asetilini hukata chuma cha kawaida kwa sababu oksijeni hukiunguza chuma chenyewe, lakini kromiamu iliyomo katika chuma cha pua hufanya utando unaohitaji joto kubwa kuliko chuma chenyewe ili uyeyuke, na fundi hubaki akikipasha moto bila kukikata. Kwa hiyo tulitumia mashine ya plasma, ambayo haitegemei kuunguza: hewa ya kompresa hupitishwa pamoja na umeme katika tundu jembamba la nozeli, yaani mdomo wa tochi ya kukatia, joto lake hupita nyuzi 20,000, na chuma chochote kinachopitisha umeme huyeyuka na kupeperushwa chini.

Fundi wetu mkuu, ambaye sote tulimwita Mzee ingawa ndevu zake zilikuwa bado nyeusi, hakuigusa tochi kwanza. Alianza na kompresa. Alipofungua koki ya chini yalitoka maji ya rangi ya kutu, kwa maana hewa ya masika imejaa unyevu, na unyevu huo ukifika kwenye tochi hula vipuri vyake upesi. Kisha akaifungua tochi, akanionyesha elektrodi, kipande cha shaba cha ndani ambamo moto wa umeme huanzia. Katikati ya shaba yake kuna punje ya hafniamu, metali inayostahimili joto kali, ambayo huliwa kidogo kidogo kila moto unapowashwa, na kishimo chake kikizidi kina cha milimita moja na nusu, hiyo ni ya kutupwa. Tundu la nozeli nalo lilikuwa limepoteza uduara wake. Akabadilisha vyote viwili. Wako mafundi wanaoona uchungu kutupa kitu ambacho bado kinawaka. Wanachookoa hapo hukilipa baadaye kwa mawe ya grenda.

Mfuniko ulilazwa juu ya vyuma viwili, chini yake tukaweka sinia la mchanga. Kibano cha athi, kinachorudisha umeme kwenye mashine, alikibana kwenye mfuniko wenyewe, mahali palipokwanguliwa pakang'aa, wala si kwenye duara la katikati ambalo mwishowe lingeanguka. Alikuwa ametengeneza bikari kwa kipande cha nondo, ncha yake ikikaa katikati ya duara kwenye alama ya sentapanchi, yaani kishimo kilichogongwa kwa chuma chenye ncha, naye akazunguka duara zima mara moja bila moto, waya ukiwa begani, apate kujua miguu yake itapita wapi.

Alitobolea ndani ya mstari, kwenye kipande kisichohitajika. Tochi aliilaza upande ili chuma kilichoyeyuka kirukie mbali badala ya kuirudia nozeli, kisha akaisimamisha polepole hadi moto ukapenya. Akakata hadi kwenye mstari, akazima, akafunga bikari, akaanza upya kutoka kwenye ukingo huo. Alizunguka kinyume cha mishale ya saa. Hewa ndani ya tochi ile huzungushwa kwa namna ambayo upande wa kulia wa mwendo hutoka wima na wa kushoto hutoka umeinama, na kwa kuwa kilichotakiwa kubaki kilikuwa nje ya duara, hicho ndicho kilichopaswa kuwa kuliani.

Kazi yangu ilikuwa kuchutama pembeni nikiwa na miwani ya giza na kumweleza cheche za chini zinakwendaje.

"Zinashuka wima, Mzee!"

Akaongeza mwendo kidogo, nazo zikaanza kulala nyuma ya tochi.

"Sasa zinalala kidogo."

"Hapohapo, kijana."

Zingelala mno angekuwa anakimbia, na kama zingerukia juu, ingekuwa dalili kwamba moto haujapenya. Karibu na mwisho alipunguza mwendo ili nisogeze tofali chini ya duara lisije likaanguka na kubana tochi, na hapo ndipo palipobaki mavi ya chuma, yaani chuma kilichoyeyuka kikagandia ukingoni, mengi, manene, ambayo yalibanduka kwa pigo moja la patasi. Yale yanayotokana na haraka huwa mstari mwembamba mgumu, nayo hayatoki bila grenda.

Alasiri wenye tangi wakaomba kile kipande kilichotoka kichongwe bamba la mviringo la kufungia bomba la kutolea maziwa. Safari hii kilichohitajika kilikuwa ndani ya duara, kwa hiyo Mzee alitobolea nje ya mstari akazunguka kwa kufuata mishale ya saa, nami nikachutama tena, nikihama kila mara mbele ya mwendo wake ili cheche zisinijie usoni.