Niko majini

Mwaka 2022, masika ndiyo kwanza yanaanza, mama alipata kiharusi. Upande wa kulia wote ukalegea, na maneno yakawa yanamtoka moja moja kama anayachota kisimani. Familia ikakaa, ikaamua aje kwangu Kigamboni. "Dada, wewe ndiye una chumba," akasema mdogo wangu wa kiume, na kikao kikafungwa.

Mimi nauza vitambaa Kariakoo, kwenye duka la mtu. Saa kumi alfajiri nimeshaamka. Namgeuza mama, namsafisha, namwachia msichana uji na dawa, halafu nakimbilia pantoni. Jioni ni hivyo hivyo kinyumenyume. Na katikati yake kuna kundi la familia la WhatsApp, lenye kazi moja tu: kunihoji. Mama amekula nini? Mbona pampasi zimeisha mapema? Ile hela ya Jumatatu imefanya nini?

Miezi mitatu baadaye tulikuwa kliniki. Muuguzi mmoja mtu mzima alimaliza kumpima mama, akanitazama, kisha akanishika mkono bila kuniuliza na kunifunga kile kitambaa cha presha. 152 kwa 98. "Mwanangu," akasema, "hapa mgonjwa ni nani?" Nikaandikiwa vidonge, ambavyo nameza mpaka leo, na nikaambiwa nipumzike.

Nipumzike wapi sasa?

Shoga yangu akanichukua Jumapili moja tukaenda Coco Beach. Mihogo ya kukaanga, pilipili, dafu, upepo wa bure. Nilikula, sikatai, lakini kichwani napiga hesabu tu: nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, hili dafu lingekuwa nusu ya nini. Nilirudi nimechoka kuliko nilivyotoka. Nikajaribu na zile video za kuvuta pumzi. Mwanamke ana sauti ya asali, anasema fumba macho, vuta, shusha... katikati likaingia tangazo la mikopo ya haraka. Nikaifunga.

Siku iliyobadilisha mambo, simu iliniishia chaji ndani ya mwendokasi. Nimeshuka Kivukoni nina hasira, nimelipa 200 yangu, nimeingia kusubiri. Mnaovuka mnajua: lango likifunguliwa pale watu hawatembei, wanamwagika. Baiskeli, mikokoteni, bajaji, ndoo za samaki wa Feri zinazokuchuruzikia maji mguuni. Nikasukumwa mpaka pembeni, nikashika chuma.

Pantoni haikuondoka. Meli ya makontena ilikuwa inaingia bandarini, na meli ikipita sisi tunasubiri. Siku nyingine ningeanza kutuma ujumbe nyumbani kwamba nachelewa. Siku hiyo sikuwa na cha kutuma, nikaitazama. Ilipita kubwa kama mtaa, kimya, jamaa mmoja juu kabisa ameegemea anatutazama na sisi. Mawimbi yake yakaja, sakafu ikapanda na kushuka chini ya ndala zangu. Hapo ndipo nilipogundua kwamba mabega yangu yalikuwa karibu na masikio. Nikayashusha. Yaliuma, kama mtu aliyetua mzigo.

Toka siku hiyo nikajiwekea sharti: nikipita lango, simu nazima, nikikanyaga ng'ambo, nawasha. Ni kama dakika kumi, na foleni ikizidi hata nusu saa. Asubuhi na jioni. Kaka yangu mkubwa alilalamika kwamba sipatikani, akauliza kwa nini nisipande daladala za darajani, daraja si lipo tangu 2016? Nikamwambia darajani mtandao unashika. Hakunielewa, na mimi sikurudia. Siku hizi wakiuliza nilikuwa wapi, jibu ni hilo moja: nilikuwa majini.

Kuna na vingine vidogo. Mchaichai nimeupanda kwenye ndoo iliyotoboka, nachuma majani mawili matatu usiku, harufu yake tu inatosha. (Haitibu presha, msinichekeshe.) Lakini kikubwa cha pili ni ungo.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alisema vidole vya mama vya mkono wa kulia vipewe vitu vidogo vya kuokota. Nikakumbuka mchele. Nikaacha kununua ule msafi, nikawa nachukua wa bei ya chini wenye mawe na chuya. Mwenye genge akanionea huruma, akadhani mambo yamekaza, akataka hadi kunikopesha. Usiku, watoto wakilala, tunakaa mkekani mimi na mama, ungo katikati. Mwanzo alikuwa akitoa jiwe moja mpaka mimi nimemaliza kilo. Anasukuma kwa kidole, linateleza, analifuata tena. Nami nikajifunza kutomsaidia. Hakuna wa kuongea, ni ule mlio wa punje kwenye ungo, na jiwe likidondoka kwenye kisahani. Ti. Mama akisikia, anatabasamu kwa upande mmoja.

Mama ni mtu wa Kilwa, amezaliwa nyuma ya ngalawa. Usiku mmoja, vidole vikiwa kwenye mchele, akanitazama, akahangaika na mdomo wake mpaka neno likatoka.

"Maji?"

Nikadhani ana kiu, nikainuka kuchukua kikombe. Akatikisa kichwa, akaelekeza kidevu dirishani, upande wa bahari.

Kumbe ananiuliza maji yalikuwaje nilipovuka. Sikuwa na jibu. Nilikuwa nayatazama kila siku bila kuyaangalia. Kesho yake nikayaangalia, nikaja na habari: yamejaa, yana rangi ya udongo upande wa bandarini, na kusi limeanza kuvuma kwa nguvu. Akafumba macho kidogo, kama anayaona. Kisha akarudi kwenye ungo wake.

Sasa anauliza kila jioni, nami siwezi kurudi mikono mitupu.