Ufunguo Ndani ya Kopo

Mzee wa getini alikuwa na kopo la Kimbo, lile kubwa, rangi imeshabanduka ubavuni, na kila gari lililoingia alilinyoosha kopo hilo hadi dirishani. "Ufunguo, bwana. Magari yatabanana humu ndani, mimi ndiye wa kuyapanga." Shemeji aliutumbukiza wake bila hata kumtazama mzee usoni. Macho yake yalikuwa kwenye kile kitambaa cheupe kilichotundikwa ukutani kuwa skrini, na kelele za watu zilikuwa zishamwita.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 19 Mei 2012, Mtwapa, kaskazini ya Mombasa. Mvua ya masika ilikuwa imenyesha tangu alasiri na kuacha madimbwi kila pahali. Usiku ule Chelsea walikuwa wacheze na Bayern Munich fainali ya Klabu Bingwa Ulaya, tena Munich kwenyewe, kwenye uwanja wa Bayern. Kwetu mpira ulikuwa uanze saa 3:45 usiku. Shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, alikuwa mtu wa Chelsea tangu Drogba afike pale, na siku ile alitoka nyumbani na jezi ya buluu aliyoipiga pasi mwenyewe.

Mimi si mtu wa Chelsea, wala pombe situmii. Nilikwenda kwa sababu dada alinivuta jikoni jioni ile, akaniambia kwa sauti ya chini: "Nenda naye. Usinirudie bila yeye." Hakuongeza neno. Alijua nina deni, na alijua silisahau.

Deni lenyewe ni la Ramadhani ya mwaka uliotangulia. Jumapili ya tarehe 28 Agosti 2011 Manchester United waliwafunga Arsenal mabao 8 kwa 2. Rafiki yangu wa kazini, Arsenal wa kulia machozi, aliutazama mpira ule kwenye baa moja Bombolulu, nami nilikuwa nyumbani nafuturu. Saa mbili na nusu usiku akanipigia simu. "Njoo unichukue, nimeshakunywa." Maneno yake ni hayo, sikuyaongeza wala kuyapunguza. Alijijua hali yake. Mimi nilikuwa nimeshatia udhu, nataka kwenda tarawehe. Nikamwambia pikipiki aiache hapo hapo, apande matatu. Akasema sawa. Nikazima simu, nikaenda kusali.

Hakuiacha. Karibu na soko la Kongowea alimgonga mtu wa mkokoteni wa maji aliyekuwa akivusha madumu yake. Rafiki yangu alivunjika mkono. Mwenye mkokoteni hakuiona Idi.

Watu wameniambia mara nyingi kwamba kosa si langu. Labda. Lakini najua kwamba mtu yule alipiga simu akili ikiwa bado inafanya kazi, akatafuta mwenye akili mwenzake, akanipata mimi, na mazungumzo yetu hayakutimiza dakika moja. Ningekodi tuktuk nikafika Bombolulu, nikarudi, na rakaa zangu ningezikuta zinaningoja.

Basi usiku ule wa Mtwapa nilikaa kwenye kiti cha plastiki na soda ya tangawizi mkononi, na mpira wenyewe niliuona kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa likihesabu chupa. Tulikuwa watu wanne: mimi, shemeji, na wenzake wawili wa bandarini. Gari lilikuwa moja, Corolla yake nyeupe, na nyumbani kwetu ni Tudor, ndani kisiwani.

Asiyejua heshima ya shemeji ataniona mwoga. Mtu huyu amenizidi miaka kumi. Karo yangu ya chuo aliilipa yeye, na leseni yangu ya kuendesha niliipata kwa gari lake hilo hilo. Mtu kama huyu humwambii "umelewa" mbele za watu. Hata mkiwa wawili humwambii. Njia nzima kutoka Tudor nilikuwa nikizipanga sentensi kichwani, nikizipangua, nikitafuta moja iliyo laini isiyomvunjia uso.

Wakati wa mapumziko mabao yalikuwa bado 0-0 na yeye alikuwa kwenye chupa ya tatu. Nikaitoa ile sentensi. "Shemeji, leo wacha niendeshe mimi kurudi, barabara ina maji." Akacheka, akanipiga begani kwa mapenzi kabisa. "Wewe kunywa soda yako, bwana. Barabara hii naijua macho yamefumbwa." Wenzake wakacheka pia. Nikanyamaza, kama nilivyonyamaza kwenye simu.

Kwa sheria, baa ile ilipaswa kuwa imefungwa saa tano usiku. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ile watu walioiita sheria ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliruhusu kuuza kuanzia saa kumi na moja jioni siku za kazi, saa nane mchana wikendi, na mwisho saa tano usiku. Lakini mpira wa saa 3:45 hauwezi kwisha kabla ya saa tano na nusu, hata usipokuwa na muda wa nyongeza. Saa tano ilipogonga, geti la mbele lilivutwa, muziki ukazimwa, na chupa zikaendelea kuja kimya kimya. Kipimo cha kupuliza nacho kilikuwa kipo kwenye kanuni tu, mikrogramu 35 za pombe kwa mililita 100 za pumzi, lakini barabarani mimi sikukiona mpaka mwisho wa mwaka 2013 kilipoanza kutajwa kila mahali kwa jina la alkoblo. Usiku ule hakukuwa na lolote kati ya shemeji na barabara ila mimi na soda yangu.

Dakika ya 83 Müller akafunga kwa kichwa. Baa nzima ikanyamaza kama nyumba ya msiba, na shemeji akaagiza chupa ya kujiliwaza. Dakika ya 88 ikapigwa kona, Drogba akaruka, mpira ukaingia wavuni. Kilichotokea pale siwezi kukieleza vizuri. Meza zilipinduka. Mtu nisiyemjua alinikumbatia akilia. Shemeji akaagiza za meza nzima, za furaha sasa. Ukaja muda wa nyongeza, Drogba huyo huyo akamwangusha Ribéry kwenye boksi, Robben akapiga penalti, Čech akaidaka. Chupa nyingine. Zikaja penalti za mwisho, Mata akakosa ya kwanza, na kila mkwaju mkono wa shemeji ulitafuta kitu cha kushika, na kilichokuwa karibu kila mara ni glasi. Hapo ndipo niliona jambo ambalo sikuwahi kulifikiria: shabiki hanywi kwa kiu. Anafungwa, anakunywa, anafunga, anakunywa, anangoja, anakunywa zaidi. Na mpira kadiri unavyokuwa mtamu ndivyo unavyochelewa kwisha. Drogba alipofunga ile ya mwisho, karibu saa sita na nusu, nilikuwa nimeshafika chupa ya saba nikaacha kuhesabu.

Tukatoka na umati. Watu wanaimba, wanarusha jezi, injini mbili tatu zishawaka. Mzee wa getini alikuwa amekaa kwenye stuli, kopo mapajani, kifuniko juu yake. Na magari kweli alikuwa ameyapanga, hakudanganya. Yalikaa kama samaki kwenye sinia.

Shemeji akanyoosha mkono. "Mzee, ufunguo. Corolla nyeupe."

Mzee hakuharakisha. Alimtazama kidogo, akatutazama sote wanne, kisha akauliza, "Kwenu nyinyi, nani alikuwa anakunywa soda?"

Wale wenzake wakanionyesha mimi kwa pamoja, wakicheka, kama wanaosema kosa langu.

"Basi huyu ndiye wa kuitoa. Imebanwa na lile lori dogo, na nyuma pana mtaro. Yataka kurudi nyuma pole pole."

"Gari ni langu, mzee."

"Ni lako, bwana. Hapana aliyesema si lako."

Neno ulevi hakulitamka. Aliuchomoa ufunguo, akaniwekea kiganjani, akanifumba vidole kwa mkono wake, mkono mkavu, mgumu kama ngozi ya ngoma. Akaniinamia sikioni: "Ukitoka getini usisimame mkabadilishana. Nenda moja kwa moja."

Shemeji alibaki amesimama, anatafuta pa kukasirikia, hapaoni. Hakuna aliyemtukana. Mtaro ulikuwepo kweli, lori lilikuwepo kweli. Akaingia kiti cha nyuma.

Wale wawili walipokwenda nyuma ya ukuta kujisaidia nilipata dakika ya kumuuliza mzee ametoa wapi hekima ile. Akashangaa na neno hekima. Alisema alianza kukusanya funguo kwa sababu ya kupanga magari tu, basi. Kisha akaona kwamba mwenye gari, akiingia, hutoa ufunguo kama anavyotoa shilingi kumi. Akitoka, kumwomba ufunguo huo huo ni vita. Kwa hiyo akawa anauchukua pale ambapo hauna bei.

Si kwamba alishinda kila mara. Tukiwa bado tumesimama, jamaa mmoja mnene alilivuta kopo, akapekua mwenyewe, akachukua wake huku akimtolea mzee maneno ambayo mtu hamwambii baba wa mwenzake. Mzee akaokota funguo zilizomwagika, akamfungulia geti, akasimama kuangalia taa za nyuma za gari lile mpaka zikapotea upande wa Kilifi.

Tukarudi. Daraja la Mtwapa, Shimo la Tewa, Shanzu, lami inang'aa kwa maji na magari yanayokuja yanapiga honi za ubingwa. Nilishika usukani kwa mikono miwili kama siku ya mtihani. Shemeji aliimba jina la Drogba mpaka karibu na Bamburi, kisha sauti ikafifia, na nilipomtazama kwenye kioo kichwa kilikuwa kimeangukia dirishani.

Kongowea hailali. Malori ya kabichi na viazi yalikuwa yanashusha, na mikokoteni inavuka barabara bila taa wala kitu cha kung'aa. Unachokiona kwanza ni miguu, miguu miwili inasukuma gizani, halafu mzigo, halafu ndiyo unamwona mtu. Nilipunguza mwendo mpaka gari likawa linatembea kama mtu. Mmoja alisimama katikati, nikamzimia taa kubwa ili apite. Alipita bila kutugeukia. Nilibaki pale hata baada ya njia kuwa wazi, mpaka mwenzake shemeji akaniuliza kama gari limezima.

Tudor dada alifungua mlango kabla hatujabisha, amejitanda leso. Hakuuliza nani ameshinda. Mtaa mzima ulikuwa ukipiga kelele na alijua. Alitazama mkono wangu, akauona ufunguo, akapisha tupite.

Ufunguo ule sikuurudisha asubuhi. Nilikuwa nimeshasoma kwamba chupa moja ya nusu lita inachukua karibu saa mbili kutoka mwilini, na kwamba kahawa chungu, supu ya pweza na maji baridi kichwani humwamsha mtu lakini haziipunguzi pombe hata tone. Chupa saba zinafika saa kumi na nne. Shemeji alikuja kuutaka saa tatu asubuhi, ameoga, ananukia sabuni, apeleke watoto madrasa. Nikamwambia nitawapeleka mimi. Akakaa kwenye ngazi, kimya, kwa muda mrefu.

"Jana nilikupa mimi?"

"Ulimpa mzee wa getini. Ulipoingia."

"Alisema ni wa kupangia magari."

"Aliyapanga."

Akatikisa kichwa, akaingia ndani. Hatukulizungumza tena, na mimi sikulitafuta.

Tarehe 8 Juni Kombe la Mataifa ya Ulaya lilifunguliwa, Poland na Ugiriki, saa moja jioni kwa saa zetu. Shemeji alipita chumbani kwangu baada ya alasiri, jezi mwilini, akanirushia ufunguo bila kusema kitu. Nilipotoka nje nilimkuta ameshazunguka upande wa kushoto, ameketi, mkanda ameufunga, ananingoja.