Betri ya buku mbili iliyoiamsha seva ya dukani kwangu

Ile mashine niliyoambiwa ni skrepa iko hai. Imekaa chini ya meza ya fotokopi, dukani kwangu Mbagala Rangi Tatu, haina monita, haina kibodi, haina mausi. Leo asubuhi nimetoa humo barua mbili za maombi ya kazi na mkataba wa kupanga chumba kabla chai haijapoa.

Nina stationery, na mwenye stationery anajua adha ya mafaili. Mteja anarudi baada ya miezi sita: "Dada, ile CV yangu bado unayo?" Ninayo, lakini iko wapi? Nilikuwa na laptop mbili na flashi sijui ngapi, na binti anayenisaidia ana mpangilio wake. Kisha flashi ya mteja mmoja ikatuletea virusi, mafaili ya laptop nzima yakageuka shortcut. Siku hiyo nikaamua: kazi zote zikae mahali pamoja, kwenye mashine moja ya kuhifadhia, yaani seva, na laptop zote mbili zichote hapo.

CPU nilikuwa nayo nyumbani, kaka yangu aliniachia alipohama. Core 2 Duo, RAM ya GB 2, diski ya GB 160. Nikaipeleka kwa fundi Kariakoo anipulizie vumbi tu. Akaitazama, akasema, "Dada yangu, hii skrepa. Seva inataka mashine mpya, jipange." Nilikereka sana, kwa sababu hakuniuliza hata seva yenyewe ni ya kazi gani. Kuhifadhi barua na kuzitoa si kazi ya kuhitaji mashine mpya! Nikanunua brashi ya rangi, vumbi nikalitoa mwenyewe.

Nikaweka Debian 12, mfumo wa kuendesha kompyuta wa familia ya Linux, ile iliyotoka Juni 2023. Monita niliazima kwa shemeji kwa Jumapili moja. Kuweka kwenyewe hakuna maajabu, ila yapo mambo mawili. Ukiulizwa nenosiri la root (mtumiaji mwenye mamlaka yote), acha wazi, mtumiaji wako wa kwanza atapewa sudo, yaani ruhusa ya kutoa amri kwa mamlaka hayo, moja kwa moja. Na mwishoni ukiulizwa unataka nini, ondoa alama kwenye kila desktop, bakiza SSH server (ya kuingilia mashine ukiwa kwenye kifaa kingine) na vile vya kawaida. Watu wengi wanapita hapo kwa kubonyeza Enter tu, halafu wanalalamika mashine nzito. Yangu ilipowaka, nikaandika free -h, amri ya kuonyesha RAM inayotumika: haikufika megabaiti 200. Kwenye GB 2!

Pale dukani kila usiku nazima umeme wote kwenye main switch, maana jirani aliwahi kuunguliwa. Kwa hiyo niliitaka seva iwake yenyewe asubuhi umeme ukirudi. Nikaingia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe, kabla mfumo haujawaka), kwenye kipengele cha umeme ukikatika nikachagua Power On. Usichague Last State kama unazima mashine vizuri kabla ya kufunga duka, kwa sababu hali ya mwisho ilikuwa kuzimwa, na itabaki imezimwa. Nikaiambia pia isisimame kwa kukosa kibodi. Nikachomoa waya, nikahesabu mpaka tano, nikachomeka. Ikawaka yenyewe. Nikamrudishia shemeji monita yake.

Jumatatu nikaipakia kwenye bajaji, nikaifikisha dukani, nikachomeka. Kimya. Nikabonyeza kitufe, feni ikazunguka, taa ikawaka, lakini nikiipiga ping kwa simu, yaani kuiita kwenye mtandao kuona kama inaitika, hakuna jibu. Dakika tano, kumi, hakuna. Fundi wa jirani akaja, akaigonga gonga ubavuni, akasema power supply, kile kifaa cha kuipa mashine umeme, imekufa, mpya elfu sitini. Nilikuwa nimeshashika pochi. Kilichonizuia ni ile feni. Power supply iliyokufa inazungushaje feni na kuwasha taa?

Kesho yake nikaja na kibodi ya nyumbani, bila monita. Nikawasha, nikasubiri kidogo, nikabonyeza Caps Lock. Kitaa cha kibodi kikawaka. Nikabonyeza tena, kikazima. Basi mashine si mfu, inanisikia, kuna mahali imesimama inasubiri kitu. Na mashine za zamani zikisimama kabla ya kuwaka, mara nyingi zinasubiri F1. Nikabonyeza F1 kwa kukisia, sioni chochote, nikaanza ping. Haikupita dakika moja, majibu yakaanza kushuka kwenye simu, mstari baada ya mstari. Binti akaniuliza, "Dada, unacheka nini?" Nilishindwa hata kumjibu.

Nikaingia kwa SSH kupitia Termux, app ya kuandika amri kwenye simu, nikaandika sudo dmesg | grep rtc, kutafuta habari za saa kwenye kumbukumbu za mashine kuwaka. Jibu lilikuwa pale: saa ya mashine ilipoamka ilidhani ni Januari 2008. Betri ya ubao mama imekwisha! Kila nikikata umeme, BIOS inasahau yote niliyoiambia, na ile Power On inafutika pamoja nayo. Jumapili jaribio langu lilikubali kwa sababu nilihesabu mpaka tano tu. Chaji iliyobaki kwenye ubao ilitosha kushikilia zile sekunde. Ukijaribu ya kwako, iache bila umeme usiku kucha.

Betri ni CR2032, ya duara kama sarafu. Ikiwa mpya ina volti 3. Ile yangu tulipoipima haikufika volti moja na nusu. Mpya ni buku mbili hivi, hata wauza saa wanazo. Ilibidi nimwombe shemeji monita mara ya pili nipange BIOS upya, na safari hii tuliiacha bila umeme tangu jioni mpaka asubuhi.

Ruta nimeiambia iipe seva anwani ileile kila siku, la sivyo laptop zitaitafuta bila kuiona. Mafaili yanagawiwa na Samba, programu ya kuziwezesha laptop kufungua folda za seva. Kumbuka nenosiri la Samba ni lake peke yake, unaliweka kwa smbpasswd -a, si lile la kuingilia. Mimi lilinipotezea jioni nzima. Umeme inakula kidogo tu, na usiku imezimwa.

Asubuhi napandisha main switch, nachukua ufagio. Nikifika mlangoni na takataka nasikia mlio mmoja mfupi chini ya meza, na binti akifungua laptop folda la wateja liko pale, limepangwa kwa majina.

Sasa nasaka diski ya pili ya kunakilia, maana hii ya GB 160 imeshafanya kazi zaidi ya saa elfu 30, na CV za watu zote ziko humo. Ijumaa nikishuka Kariakoo nitaiulizia, ila si kwa yule fundi.