Miwani mipya na njia ya Nyandira

Wenzangu ofisini wanasema siku hizi naendesha pikipiki kama askari wa gwaride anayepita mbele ya mgeni rasmi: kichwa kinageuka chote, mabega yametulia. Wacheke tu. Aliyewahi kuvaa progresivu atanielewa. Macho yenyewe hayana mengi ya kujifunza. Anayepelekwa darasani ni shingo.

Kwa ambaye hajazivaa: ni ile miwani isiyo na mstari. Juu ni kwa ajili ya mbali, chini ni kwa kusomea, na kati yake kuna njia nyembamba ambamo nguvu ya lenzi inapanda kidogo kidogo. Marehemu baba alivaa baifoko zenye kile kidirisha cha nusu mwezi kwa chini. Ukimtazama tu ulijua mbali kunaishia wapi na karibu kunaanzia wapi. Zangu zimefichwa mipaka yote. Anayeniona anadhani nimebadilisha fremu, na sitaficha kwamba hilo nalo lilinivutia.

Mimi ni afisa mifugo, kituo changu ni Morogoro. Nimevaa miwani ya mbali tangu sekondari na kwa miaka mingi ilinitosha kwa kila kitu. Halafu nikaanza kuipandisha kwenye paji la uso kila ninapotaka kusoma. Nyumbani haina shida. Lakini jaribu kuchanja kuku wa kijiji kizima kwa mtindo huo. Chanjo ya mdondo hutolewa kwa tone, moja tu, jichoni. Mkono mmoja umemshika kuku, mwingine umeshika chupa, na unatakiwa ulione tone likisambaa jichoni kabla hujamwachia. Miwani ikiwa usoni, jicho la kuku ni doa. Ikiwa pajini, inateleza na jasho na kuangukia kwenye samadi. Na nikishavaa helmeti ndiyo kabisa, maana ndani ya helmeti hakuna paji la kupandishia kitu. Ujumbe wa simu ulibidi nisimame, nivue kofia, nivue miwani, nisome, nianze upya kuvaa.

Chanzo hakina siri. Lenzi iliyo ndani ya jicho inakakamaa kadiri miaka inavyokwenda, haitaki tena kujibinua kwa ajili ya vitu vya karibu. Inaanza kumsumbua mtu karibu na miaka 40 na haichagui bwana wala mtwana. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2019 ilikadiria watu bilioni 1.8 wenye hali hii, na milioni 826 kati yao hawana miwani ya kuwafaa. Niliposoma takwimu hiyo niliwaza wakina mama wa Nyandira, kijiji cha mlimani Uluguru ninakokwenda kuchanja kuku, wanaochambua njegere kwa kupapasa.

Sasa nije kwenye pikipiki, maana ndiko nilikohenyeka.

Miwani ya kwanza niliitoa duka moja mjini. Walinipima macho vizuri tu, namba zilikuwa sawasawa. Kilichokosekana ni kupima fremu ikiwa usoni. Progresivu haimalizwi na namba. Lazima ijulikane mboni inakaa wapi ndani ya lenzi, kwa kimo na kwa upana, jicho la kulia peke yake na la kushoto peke yake, maana nyuso zetu hazikupigwa chapa kiwandani. Ile lenzi ilikaa juu mno. Nikitazama mbele, nilikuwa tayari nimeingia kwenye ile njia ya katikati, kwa hiyo lori lililo mbali linaonekana kama limepakwa mafuta. Nikiinamisha kidevu, linatakata. Ofisini nilivumilia. Barabarani nilikuwa naendesha huku nimeinama kama niliyekasirika.

Na helmeti ilizidisha. Sifongo za mashavuni zinayabana mashavu, mashavu yanasukuma fremu juu, hata milimita mbili tatu. Kwa miwani ya kawaida huwezi kujua. Kwa progresivu, milimita tatu ni safari kutoka barabarani hadi kwenye gazeti.

Nilirudi kupimwa, safari hii kwa mpima macho mwingine, kijana mtulivu, na helmeti nikaenda nayo kwapani. Hakucheka. Aliinua lenzi kwenye mwanga wa dirisha, akaigeuza taratibu mpaka akaona kitu, akanionyesha. Kuna viduara viwili vidogo sana vimechorwa kwenye kioo chenyewe, kimoja kila upande, vinatengana milimita 34. Ukiwa umeivaa huvioni hata siku moja. Chini ya kimoja imeandikwa nguvu iliyoongezwa kwa ajili ya kusoma. Akavitia alama kwa kalamu ya wino, akapata kutoka hapo mahali ambapo mboni ilipaswa kukaa, akachora msalaba, akanivalisha.

“Mama, tazama paji langu la uso.”

Nikatazama. Akapima kwa rula.

“Sasa vaa na kofia yako.”

Nikavaa, tukatazamana hivyo ndani ya chumba kidogo, mimi nimevaa helmeti, yeye ameshika rula, muuguzi akapita mlangoni na kurudi nyuma kuhakikisha alichokiona. Msalaba ulikuwa umekaa juu kuliko mboni hata bila helmeti. Na helmeti ukapanda zaidi. Lenzi mpya zikaagizwa zikiwa zimeshushwa kidogo, na fremu ikabadilishwa, nikapewa yenye mikono myembamba iliyonyooka, isiyopinda sana nyuma ya sikio. Hiyo inapenya pembeni ya helmeti bila kukwaruza kichwa. Utaratibu ni helmeti kwanza, miwani baadaye, kisha kamba ya kidevu. Ukianza na miwani, helmeti inaondoka nayo.

Ushauri wangu kwa yeyote: kabla ya kulipia lenzi za bei mbaya, tazama kama anayekupima anashika kalamu. Asiposhika kalamu, aga kwa adabu.

Barabara ya Iringa kutoka mjini hadi Sangasanga ina malori na mabasi, na hapo ndipo nilipogundua habari ya saiti mira. Pikipiki nyingi zina kioo kilichobinuka ili kionyeshe eneo pana. Kwenye kioo bapa, basi lililo mita mia nyuma yako jicho linalilenga kama kitu cha mbali. Kwenye kilichobinuka, taswira ya basi hilohilo inaundwa karibu, nyuma kidogo tu ya kioo, kwa hiyo jicho linatakiwa lilenge kama mita moja hivi na ushei. Kumbe ndiyo maana kwa miaka ya karibuni saiti mira zangu zilikuwa na ukungu ambao kitambaa hakikuuondoa! Sasa ile sehemu ya katikati ya lenzi inaitoa taswira safi kabisa, naona hadi maandishi ya kwenye bodi la basi. Ila sharti pua ielekee kioo. Ukitupia jicho la wizi pembeni, unapita kwenye eneo ambalo halina chochote cha kukupa.

Eneo hilo la pembeni si uzembe wa mtengenezaji. Mwaka 1963 mwanahisabati Mjerumani, Günter Minkwitz, alithibitisha kwamba ukiongeza nguvu ya lenzi taratibu kutoka juu kwenda chini, uoni lazima uharibike kando ya ile njia, na unaharibika kwa kasi mara mbili ya ongezeko lenyewe. Wakati huo lenzi hizi zilikuwa changa. Mfaransa Bernard Maitenaz alikuwa ameziingiza sokoni mwaka 1959 kwa jina la Varilux. Tangu hapo wahandisi wamekuwa wakiusogeza uharibifu huo huku na huko, wakiutandaza hapa, wakiubana pale, lakini kuufuta hawawezi. Kujua hivyo kulinituliza kuliko maneno yote ya “utazoea tu”. Hesabu hainionei mimi peke yangu.

Ukiacha barabara kuu pale Sangasanga na kuanza kupanda kuelekea Langali, miwani inakuwa na faida ambayo sikuitarajia. Kona za Uluguru ni kona kweli. Mwalimu wangu wa pikipiki alikuwa akifoka, “Tazama unakotaka kwenda, usitazame tairi!” Mimi nilikuwa natazama tairi, hasa penye kokoto. Sasa siwezi hata nikitaka, kwa kuwa ardhi iliyo mbele tu ya tairi inaangukia sehemu ya chini ya lenzi, na sehemu hiyo imetengenezwa kwa ajili ya maandishi. Changarawe zinayeyuka. Inabidi shimo ulione mapema, ulikumbuke, ulipite bila kulitazama tena. Kwenye kona, inabidi kichwa kigeuke hadi kwenye mwisho wa kona. Pikipiki inafuata yenyewe. Wapo watakaosema ni hatari kuendesha na lenzi ya namna hii, na wiki za mwanzo ningekubaliana nao. Nilianza na viwanja vya ofisini, nikaja mitaa yenye matuta, mlima ukawa wa mwisho. Matuta yalinidanganya sana, yalionekana yameinuka kuliko yalivyo.

Spidomita naisoma kwa kushusha macho tu, bila kichwa. Hapo wamepatia.

Kuna kilichonikera: nilishauriwa nilipie lenzi zinazojitia giza juani. Nje ya helmeti zinafanya kazi nzuri. Ndani ya helmeti, kioo kikiwa kimeshushwa, hazibadiliki. Giza hilo linaamshwa na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, ya urujuanimno, na plastiki ya kioo cha helmeti inaizuia karibu yote. Ukifungua kioo lenzi zinatia giza, na vumbi nalo linaingia. Kwa mwendesha pikipiki pesa hiyo heri iende kwenye upako wa kuzuia mng’ao, ambao usiku unasaidia sana pale mtu anapokuja na fulu bila kushusha.

Baridi ya Nyandira nayo ni habari nyingine. Unapumua, miwani inatia ukungu, kioo kinatia ukungu, unabaki na vioo viwili vyeupe na bonde upande wa kushoto. Nafungua kioo kidole kimoja, na asubuhi kabla ya kutoka naosha lenzi kwa sabuni laini ya maji na kuzikausha kwa kitambaa safi. Si dawa kamili lakini inanifikisha.

Nikishafika kwenye ngazi za mashambani, naivua. Hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu muuza miwani hatakuambia. Mashamba ya Mgeta, eneo ilipo Nyandira, yamekatwa ngazi kwenye miteremko ambayo mbuzi wenyewe wanaifikiria mara mbili, na kuteremka ngazi za udongo ukiwa unatazama mguu wako kupitia lenzi ya kusomea ni kutafuta mganga wa mifupa. Watafiti wa Australia walilichunguza jambo hili kwa wazee, na matokeo yao ya mwaka 2010 yalionyesha kwamba wale wanaotoka sana nje walianguka mara chache zaidi walipopewa miwani ya mbali tupu ya kuvaa huko nje. Mimi si bibi bado, lakini ile miwani yangu ya zamani iko kwenye mfuko wa koti, na kwenye ngazi ndiyo navaa.

Nyumbani mambo ni madogo madogo. Kusoma nimelala kitandani kumekufa, kwa sababu mto unasukuma kichwa na sehemu ya chini ya lenzi haipatikani. Kuchambua mchele, ungo mzima hauonekani kwa pamoja: naona katikati, kingo zinapotea. Nauzungusha ungo badala ya kuzungusha macho. Binti yangu aliniuliza, “Mama, unacheza?” Kompyuta ndiyo inayochosha, maana iko usawa wa uso na lenzi inataka iwe chini, nimeitoa juu ya yale majarida ya zamani iliyokuwa imekalia, na shingo imepumzika.

Kuku ndio waliofaidi. Juzi Nyandira nilichanja bila kuvua wala kupandisha kitu. Tone linaonekana, jicho linapepesa, naachia, naomba mwingine. Mzee mwenye lile banda alinitazama muda mrefu, kisha akaniomba chupa ya chanjo, akainyoosha mkono wote mbali na uso, akairudisha.

“Daktari, humu wameandika kweli?”

Nilimpa miwani ya kusomea ninayobeba kwenye begi, ile ya nguvu ya mbili na nusu inayouzwa tayari sokoni. Akasoma tarehe ya kuisha muda kwa sauti, akasoma na jina la kiwanda, akatoa simu akaanza kusoma ujumbe wa miamala wa tangu mwaka jana, mmoja mmoja, na kumwita mkewe aje asikie.

Nikamweleza kwamba yeye mbali anaona vizuri, hana haja ya hizi zangu, ya sokoni itamtosha. Kule Assam, India, wachumaji chai wa umri wa miaka 40 na kuendelea walipewa miwani ya kusomea ya kawaida tu, na matokeo yaliyotoka mwaka 2018 yalionyesha mavuno yao kwa siku yamepanda kwa zaidi ya asilimia 20. Mzee hakushangaa. Alichotaka kujua ni lini narudi. Chanjo ya mdondo inarudiwa kila baada ya miezi mitatu, nikamwambia siku hiyo nitakuja na miwani yake. Mkewe akasema zije mbili. Mzee akasema yake iwe nyeusi, na isiwe ya kike.