Jinsi nilivyozuia maji ya Msimbazi kupandia chooni

Sisi wa Kigogo, Dar es Salaam, bondeni mwa mto Msimbazi, tunajua mto ukija haubishi hodi mlangoni. Nyumbani kwetu maji yalikuwa yanaanzia chooni: mto unafurika, karo la maji taka linajaa, uchafu unarudi kwa bomba hadi chumbani, wakati barazani bado pakavu! Viroba vya mchanga mlangoni havikusaidia kitu.

Nilimwita fundi bomba. Akachimba kati ya nyumba na karo, akafunga valvu inayoruhusu maji kutoka tu, yasirudi, akaweka na mfuniko ili iweze kusafishwa. Hilo la kusafisha lisipuuzwe, maana takataka zikinasa valvu haifungi. Tundu la bafuni naliziba kwa mfuko wa plastiki uliojazwa mchanga na kufungwa vizuri. Kizingiti tukakiinua kwa tofali na saruji.

Jingine ni bahari. Msimbazi unatoka milima ya Pugu na kumwaga maji karibu na Daraja la Selander, kwa hiyo mvua kubwa ikikutana na bamvua, yaani bahari ikijaa kupita kawaida, maji hayana pa kwenda. Siku hizo natazama jedwali la maji kujaa na kupwa, nazima meni swichi mapema, na watoto wanakwenda kwa shangazi yao.

Msimu uliofuata maji yalifika kizingitini, choo kikabaki kikavu. Ila yakija mafuriko kama ya Desemba 2011, jamani, acheni vyombo, ondokeni.