Nilikwenda kwa ajili ya siku zangu, si kwa ajili ya mtoto

Mwaka 2018 nilikuwa na miaka 26, nafundisha sekondari Morogoro, na siku zangu zilikuwa zinakuja zikijisikia. Mwezi huu zimo, halafu miezi minne kimya, halafu zikifungulia zinashuka wiki mbili mfululizo. Nyumbani jambo hili halikuwa siri, wala halikuwa ugonjwa. Mama alisema nikiolewa zitakaa sawa. Shangazi yangu wa Muheza, ambaye kwa mambo ya wanawake ndiye mwenye kauli ya mwisho kwenye ukoo wetu, alisema ni chango, akawa ananitumia chupa za mizizi kwa basi. Nilizinywa zote.

Halafu kulikuwa na ndevu. Nywele ngumu, nyeusi, zilizoota chini ya kidevu na kushuka kuelekea kooni. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule nilisimama na wembe mbele ya kioo, na ikifika saa nane mchana nikipitisha kidole nazisikia zinachoma. Wanafunzi wa kidato cha pili wana macho makali. Watu watakwambia mwanamke mwenye ndevu ana bahati ya pesa. Mshahara wangu naujua.

Kilichonipeleka hospitali ni kizunguzungu. Nilikuwa naandika ubaoni, damu inatoka siku ya kumi na kitu, nikalazimika kushika meza. Zahanati ya karibu walinipa vidonge vya kuongeza damu, wakaniuliza kama nimeolewa. Nikasema bado. "Basi usihangaike sasa hivi. Ukitaka mtoto ndiyo urudi, kuna dawa." Nikatoka na vidonge vyangu. Sikuwa nimetamka neno mtoto hata mara moja.

Likizo ya Juni nikashuka Dar kwa daktari wa wanawake ambaye mwalimu mwenzangu alimsifia. Kwanza nikatumwa maabara: damu kwa ajili ya homoni na tezi ya shingo, na mkojo wa kupima mimba, pamoja na kwamba nilishasema haiwezekani. "Ni utaratibu tu, dada." Kisha ultrasaundi. Niliambiwa ninywe maji mpaka kibofu kijae, nisikojoe. Nikanywa chupa kubwa yote, nikakaa kwenye benchi katikati ya wajawazito, miguu nimeikunja, foleni haisogei. Mama mmoja mwenye mimba kubwa akanitazama kwa huruma, akaniambia, "Mdogo wangu, ukiwaambia umebanwa watakupitisha." Niliona haya. Nilipoitwa nilikuwa natembea hatua fupi fupi.

Mpimaji naye akaanza na lile lile: umeolewa? Safari hii swali lilikuwa na kazi, maana wasioolewa wengi hupimwa juu ya tumbo tu, hakuna kifaa kinachoingizwa ndani. Akapaka jeli ya baridi, akakandamiza pale pale juu ya kibofu. Kwenye kioo niliona kitu cha kijivu cha mviringo, na pembezoni mwake vidoa vyeusi vidogo vidogo vimejipanga kama shanga kwenye uzi. Akahesabu kimya kimya upande wa kulia, akahamia kushoto. "Una mayai mengi," akasema. "Usiwe na wasiwasi, utazaa."

Daktari alikuwa mama mtu mzima.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba mwanangu. Hebu inua kidevu."

Kidevu nilikuwa nimekinyoa vizuri asubuhi ile. Akapitisha kidole gumba kwenye vipele vya wembe. "Unanyoa kila siku?" Kila siku. Akaniambia nigeuke, akafunua ukosi wa gauni, akatazama nyuma ya shingo. Pale nina weusi, ngozi nene kidogo. Tangu niko darasa la sita Mama alikuwa akinisugua hapo kwa dodoki na sabuni ya mche mpaka panawaka moto, akisema sijui kuoga. Daktari akasema, "Huu si uchafu. Hii ni insulini, homoni inayosimamia sukari, imezidi mwilini."

Akanieleza taratibu. Insulini ikizidi inazichochea ovari kutengeneza homoni za kiume kupita kiasi, ndiyo ndevu. Mayai mengi yanaanza kukua kwa pamoja, lakini hakuna linalopevuka likatoka. Yai lisipotoka, ukuta wa mfuko wa uzazi haupati amri ya kubomoka, unazidi kunenepa, na siku ukilemewa unamwagika ovyo. Ukiachwa hivyo miaka na miaka, unaweza kugeuka saratani. Kwa hiyo angalau kila miezi mitatu nilipaswa kupata hedhi, hata kama ni ya kuletwa na dawa. Akaandika PCOS kwenye faili, kifupi cha Kiingereza cha jina la hali hii ya ovari zenye vifuko vingi. Dalili ziko tatu, akasema: hedhi isiyoeleweka, homoni za kiume, na ovari zenye vifuko vingi, mbili zinatosha, mradi vipimo vimeondoa magonjwa mengine. "Kwako hata bila ile picha ningekuwa na jibu." Nikaikumbuka ile chupa ya maji.

Aliongea nami muda mrefu na neno mtoto halikutoka, mpaka nilipouliza mwenyewe. "Wengi wanazaa, wengine kwa kusaidiwa na dawa. Siku ukihitaji tutaongea. Leo tuongelee sukari."

Baadaye nilisoma kwamba madaktari wawili wa Chicago, Stein na Leventhal, waliandika kuhusu wanawake saba wa namna hii mwaka 1935. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hadi asilimia 70 ya wenye hali hii hawajui kuwa wanayo. Siwashangai. Ukiambiwa urudi ukitaka mtoto, utajulia wapi?

Nyumbani ndiko kulikokuwa na kesi. Nilitoka na metformin na vidonge vya majira. Metformin Mama aliijua, ni dawa ya sukari ya bibi. Akaanza kulia kwamba na mimi nimeshaanza. Vidonge vya majira alivishika kwa ncha za vidole. "Hujaolewa, unazuia nini?" Nikamweleza kuhusu ukuta wa mfuko wa uzazi, kuhusu saratani, nikamweleza na lile la shingo. Hapo akanyamaza, akaja nyuma yangu akapatazama. Vidonge vikahamia kabatini kwangu, na vikabaki huko.

Wiki chache baadaye shangazi akapiga simu. Alikuwa amesikia. Hakuuliza ninaendeleaje, aliuliza kama huyo daktari anaona watu wa Tanga, kwa sababu binti yake naye ananyoa, na yeye mwenyewe, kama nilikuwa sijui, ananyoa tangu ujana wake. Nikampa namba ya kliniki. Kabla ya kukata akaniuliza kama ile chupa ya mwisho ya chango nimeimaliza.