Kumbukumbu ya mradi: vidole vitatu vya Chopin

Mradi wangu wa mwaka huu ni kuipiga kwenye piano, kwa mwendo wake halisi, Etude (kipande cha kukuza ufundi wa vidole) ya pili ya mtunzi Chopin katika Opus 10, yaani kazi yake namba 10, juzuu ya vipande kumi na viwili iliyochapwa mwaka 1833 na ambayo mtunzi alimtabarukia rafiki yake, mpiga piano na mtunzi Franz Liszt. Asiyeijua ataiona nyepesi, kwa kuwa haina kishindo. Ugumu umefichwa katika mkono wa kulia: kidole cha kati, cha pete na cha mwisho hupanda na kushuka kwa nusu toni, yaani kutoka kibonyezo kimoja hadi kinachofuatia bila kuruka hata kimoja, bila kukatika, ilhali gumba na cha shahada vya mkono uleule hugonga sauti fupi za kuandamana. Kwa kasi aliyoiandika Chopin, mipigo 144 kwa dakika yenye noti nne kila mmoja, hizo ni karibu noti kumi kwa sekunde.

Kwa desturi gumba ndilo mhimili wa skeli (ngazi ya noti) ya namna hii, lakini hapa limeondolewa, na vidole vya nje vimeagizwa kupitana. Chopin aliandika namba ya kidole juu ya takriban kila noti, nami nimeamua kumtii hata pale mkono wangu unapotamani njia nyingine. Mkaidi ni kidole cha pete, ambacho kano zake nyuma ya kiganja zimeshikana na za jirani zake, hivyo hakiinuki peke yake kwa urahisi, na kukilazimisha ni kujitafutia maumivu. Kwa hiyo napiga mstari wa nusu toni peke yake, kisha zile sauti fupi peke yake, ndipo naviunganisha kwa sauti ya chini kabisa. Nimefika mipigo 96 kwa utulivu, ingawa sehemu ya katikati bado inanishinda nikivuka 80.

Kila zoezi hulitanguliza kwa fuga, kipande ambacho sauti kadhaa huigana zikifuatana, ya mtunzi Bach kutoka juzuu ya kwanza ya mkusanyo wake Das Wohltemperierte Klavier, ya mwaka 1722, kwa sababu fuga huzifundisha sauti kadhaa kujitegemea ndani ya mikono miwili, na Chopin anadai hayohayo ndani ya mkono mmoja. Chopin mwenyewe alisafiri na muziki wa Bach hadi kisiwa cha Majorca, Hispania, mwaka 1838, alikokwenda kukamilisha Preludi zake 24, vipande vifupi vya piano. Kwangu mimi hawa wawili wanampita Liszt, na mashabiki wa Liszt wanisamehe.

Piano yangu iko Tudor, mtaa wa Mombasa, karibu na maji, na masika haya mbao zimevimba hadi baadhi ya vibonyezo vimekuwa vizito, jambo baya kwa kipande kinachotaka mguso mwepesi. Fundi ameshavilegeza vilivyo vibaya zaidi. Majirani, waliozoea kinanda cha taarab, huuliza wimbo wenyewe utaanza lini.

Mwezi ujao nalenga mipigo 108 katika sehemu ya kwanza. Etude ya sita ya Opus 25, ile ya noti mbilimbili, itasubiri.